Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kilimo: Nani atabeba misimu mitatu ya kuvuka?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo; Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro; Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi; na wakuu wa benki zinazokopesha wakulima.

YAH: GHARAMA ZA MISIMU YA MWANZO KWA MKULIMA ANAYEACHA PLAU

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Kilema, Vunjo, nikiwa mama mwenye kihamba mlimani, yaani shamba la urithi la migomba na kahawa, na ekari tatu za mahindi huku chini Uchira, na pia nikiwa mweka hazina wa kikundi cha wakulima 23 ambao kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukijadiliana kama tunaweza kumudu kilimo cha kuhuisha udongo, kile ambacho maafisa ugani wetu wamezoea kukiita kilimo hifadhi, yaani kuacha kugeuza udongo kwa plau, kuacha mabua yalale shambani na kupanda mazao ya kufunika ardhi. Kwamba udongo unahuika nimeuona mwenyewe, na sina haja ya kushawishiwa tena. Ninachotaka kuwaeleza ni habari ya fedha: hasara ya kuvuka kutoka kilimo cha plau kwenda kilimo hiki huja mwanzoni, faida yake huja mwishoni, na katikati ya hayo mawili mkulima ameachwa peke yake.

Ninaishukuru Serikali kwa Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023–2030, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tukiambiwa mambo haya na miradi ya wafadhili ambayo ilikuja na magari na kuondoka nayo. Hata hivyo, katika semina nyingi nilizohudhuria, zikiwamo zile za kwenye viwanja vya Nane Nane pale Themi, Njiro, jijini Arusha, tunafundishwa kwamba gharama zitapungua na mavuno yataongezeka. Maneno hayo ni kweli, lakini hayasemi lini. Kwa mtu mwenye watoto wa kulipia ada Januari, hilo la lini ndilo swali lenyewe.

Nitatumia daftari langu, kwa kuwa ndilo ninaloweza kuliapia. Masika ya 2020 nilitenga ekari moja kati ya tatu. Badala ya kulipa trekta shilingi 50,000 kulima kwa plau, nililipa 30,000 kupasua mistari kwa ripa, yaani kile kijembe chembamba kinachofungua mfereji wa kupandia bila kugeuza udongo. Mabua ya mwaka uliotangulia, ambayo nilizoea kuyauza 50,000, niliyaacha yalale shambani. Katikati ya mahindi nilipanda ngwara, zao la jamii ya kunde linalofunika ardhi, kilo sita za mbegu kwa shilingi 18,000. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nyingi na magugu yakaota kama yaliyopandwa. Palizi mbili zikawa nne, na kila moja ilinigharimu 35,000. Mahindi yalitoka magunia sita mahali ambapo siku zote nilipata tisa, na gunia wakati ule lilikuwa 50,000. Mbolea siihesabu, kwa sababu nilitia kiasi kilekile pande zote mbili za shamba. Ukijumlisha magunia matatu yaliyopotea, palizi mbili za ziada, mabua ambayo sikuyauza na mbegu ya ngwara, kisha ukatoa 20,000 niliyookoa kwenye trekta, nilirudi nyuma shilingi 268,000 kwa ekari moja. Na ile ngwara yenyewe, iliyokuwa imebaki kijani baada ya mahindi kuvunwa, ililiwa yote na ng'ombe walioingizwa usiku mwezi wa nane.

Mwaka 2021 tulipeana zamu za kulinda. Nilipata magunia saba, palizi zikawa tatu, na ngwara nikavuna kilo 80 nilizouza sokoni Himo kwa 1,500 kila kilo. Hasara ikashuka hadi 63,000. Kisha ikaja masika ya 2022, ambayo kila mtu wa huku anaikumbuka kwa ukame wake. Zile ekari mbili nilizoendelea kulima kwa plau zilinipa magunia matatu kila moja, na ile ekari isiyolimwa ikanipa matano. Gunia lilikuwa limefika 95,000, na palizi zilikuwa zimerudi mbili. Ningesema nilineemeka, lakini katika ukame mabua nayo hupanda bei, na mabua ya ekari ile yangeniingizia 90,000. Kwa hiyo faida halisi ya mwaka wa ukame ilikuwa 120,000. Ni masika ya 2023, nilipopata magunia kumi dhidi ya manane ya upande wa pili, pamoja na kilo 90 za ngwara kwa 2,000 kila moja, ndipo hesabu ya miaka yote minne ilipovuka sifuri, na ilivuka kwa shilingi 89,000 tu.

Nawaomba mlitazame daftari hilo kama mfanyabiashara anavyotazama mtaji wake. Mkulima anayeacha jaribio hili mwaka wa pili, na wengi wa majirani zangu waliacha mwaka wa pili, hajakosa elimu wala hana kichwa kigumu. Amepiga hesabu sawasawa kwa fedha aliyo nayo. Anaacha akiwa ameshalipa gharama zote za kuvuka na hajafika ng'ambo.

Kinachotokea ardhini katika misimu hiyo kinaeleweka, na ndiyo maana naamini kinaweza kupangiwa bajeti. Plau ikipita mwaka hadi mwaka kwa kina kilekile, hujenga chini yake tabaka gumu ambalo mizizi na maji havilipenyi kwa urahisi, na tabaka hilo halivunjiki kwa msimu mmoja wa ripa. Mabua yanapooza shambani, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua kwanza naitrojeni iliyomo udongoni kabla ya kuirudisha, na mahindi ya mwaka wa kwanza hupata umanjano ambao jirani anauona akiwa barabarani na kuusimulia kijiweni. Magugu ambayo plau ilikuwa ikiyafukia hupata nafasi, na asiye na fedha ya dawa ya magugu, au asiyeitaka dawa hiyo karibu na watoto, huyalipa kwa mgongo. Niseme wazi kwamba mgongo huo kwa kawaida ni wa mwanamke. Ile 35,000 ya palizi niliyoiandika hapo juu, katika nyumba nyingi haiandikwi popote kwa sababu mama na mabinti ndio wanaopalilia, na kwa hiyo hasara yao haionekani hata kwenye takwimu za mradi.

Mwezi wa nne mwaka 2022, siku mbili baada ya mvua ambayo haikufika saa moja, nilichukua jembe nikachimba shimo kila upande wa shamba. Upande wa plau unyevu uliishia urefu wa kidole, na chini yake jembe liligonga kama limepiga tofali, likarudi na vumbi jeupe. Upande wa pili niliondoa mabua yaliyokwishalainika, nikakuta nyungunyungu watatu katika koleo moja la udongo mweusi, na nilipoingiza mkono wangu ulizama hadi karibu na kiwiko kabla sijakuta pakavu. Mahindi ya pande zote mbili yalikuwa yamepandwa siku moja, mbegu moja. Ya plau yalikuwa yamejikunja majani kufikia saa nne asubuhi.

Lakini kabla mtu hajaniambia kwamba dawa ni kutunga sheria ndogo ya kukataza kuuza mabua, naomba tutazame mabua hayo yanakwenda wapi. Yanapakiwa kwenye pikapu pale Uchira na Njia Panda, yanapandishwa Kilema, Marangu na Mwika, na kuliwa na ng'ombe wa ndani, akiwamo wangu. Samadi ya ng'ombe huyo inaingia kwenye migomba na kahawa. Kihamba ni urithi unaotambulika duniani, hata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 ilikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu, Uru, katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye thamani ya kihistoria, na sisi tulioko ndani yake tunajivunia. Hata hivyo ukweli ambao hausemwi sana ni kwamba kwa miaka mingi tambarare imeulisha mlima: rutuba inapanda kila Septemba kwa pikapu na haishuki tena. Kumwambia mkulima wa Uchira aache mabua shambani ni kumwambia ng'ombe wa Kilema alale njaa, na mara nyingi mkulima huyo na mwenye ng'ombe huyo ni mtu mmoja.

Njia ya kutoka hapo ipo, nayo inagharimu fedha. Mimi nimepanda majani ya malisho, ya tembo na guatemala, kwenye kingo za kihamba, na miti ya malisho kwenye mipaka, na baada ya miaka miwili hitaji langu la mabua limepungua karibu kwa nusu. Samadi iliyozidi naishusha chini. Gari la kuishusha, hata hivyo, linanitoza bei ileile linalotoza kupandisha bidhaa, na hapo ndipo wenzangu wengi wanaposimama.

Ndiyo sababu nagusa suala la ruzuku. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine, Serikali iliingilia kati na katika msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP au Urea ukapatikana kwa shilingi 70,000. Hatua ile ilituokoa, na sitaki kusikika nikiilalamikia. Ninachosema ni kwamba mkulima anayenunua mfuko anashikwa mkono, na mkulima anayejaza udongo wake kwa samadi, ngwara na mabua hashikwi mkono kwa lolote, ingawa mfuko huohuo ukiwekwa kwenye udongo wake unafanya kazi zaidi kwa kuwa hausombwi na maji. Tumekwisha kusajiliwa kijijini kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Usajili huohuo ungeweza kumpa mkulima, kwa misimu mitatu na si zaidi, nafuu katika vitu vitatu vinavyomtoa jasho: huduma ya ripa, mbegu ya mazao ya kufunika ardhi, na usafiri wa samadi. Bajeti ya Wizara iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya mwaka 2021/22 na 2022/23. Naamini sehemu ndogo ya ongezeko kama hilo ingetosha kujaribu jambo hili katika kata chache za tambarare ya Vunjo kabla ya kulipeleka kwingine.

Kuhusu ripa nitasema kidogo tu. Kikundi chetu kinatumia ripa ya kuazima, nayo hufika mvua zikiwa zimeshaanza. Ripa chache zikiwekwa chini ya uangalizi wa kata, zikahudumiwa na vijana wenye matrekta madogo waliofundishwa kuzitumia, zitatosha.

Sasa naomba niwageukie wakuu wa benki. Mwaka 2021 kikundi chetu kilipeleka maombi kwenye taasisi moja ya fedha, tukiwa tumeambatanisha daftari langu na ya wenzangu wawili. Tulijibiwa kwa adabu kwamba mkopo wa kilimo ni wa msimu mmoja na marejesho huanza mwezi wa sita. Mwezi wa sita mahindi ya masika bado yako shambani, na hata yakivunwa, daftari linaonyesha kwamba mavuno ya mwaka wa kwanza na wa pili hayawezi kulipa deni la kuvuka. Deni hilo linalipika kutoka mavuno ya tatu na kuendelea. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina mfuko wa dhamana unaozipunguzia benki nyingine hatari ya kuwakopesha wakulima wadogo. Tunaomba dhamana hiyo ifunguliwe kwa mkopo wa miaka minne ambao marejesho yake yanaanza baada ya mavuno ya tatu, riba ikihesabiwa kwa haki katika kipindi chote. Hatuombi kusamehewa hata senti moja.

Jambo zito kuliko yote, na ambalo nakiri sina jibu lake kamili, ni ardhi ya kukodi. Kati ya wanakikundi 23, 13 wanalima mashamba ya kukodi kwa msimu, kwa maneno ya mdomo, mbele ya shahidi mmoja. Mwenzetu mmoja alikodi ekari mbili Makuyuni mwaka 2020, akaacha mabua, akapanda mbaazi na ngwara, akashusha samadi kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka wa tatu shamba lilipoanza kupendeza, mwenye ardhi alilichukua akalilima mwenyewe. Hakuvunja sheria yoyote, maana hapakuwa na mkataba wa kuvunjwa. Nani mwingine katika kikundi angethubutu baada ya kuona hayo? Rutuba ni mali inayowekezwa katika kitu ambacho mwekezaji hakimiliki, na mpaka pawe na mkataba rahisi wa kukodi kwa miaka mitano, ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaosajiliwa ofisi ya kijiji bila gharama kubwa na unaoeleza fidia ya aliyeboresha udongo akiondolewa mapema, zaidi ya nusu yetu hatutaingia katika kilimo hiki hata mkitupa ripa bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuipa halmashauri ya kijiji wajibu wa kusimamia ardhi ya kijiji. Halmashauri ya Wilaya inaweza kuandaa mfano wa mkataba huo bila kusubiri Bunge.

Pamoja na mkataba huo yaandamane makubaliano ya malisho baada ya mavuno. Wafugaji wanaoshuka na mifugo wakati wa kiangazi si maadui zetu, wengine tunanunua samadi kwao, lakini desturi ya kwamba shamba likishavunwa ni la kila mwenye ng'ombe ilizaliwa wakati ardhi ilikuwa nyingi. Tukae nao, wazee wao na wetu, tupange ni vitalu vipi vitalishwa na vipi vitaachwa, na kwa malipo gani.

Kuna soko pia. Tunahimizwa kubadilisha mazao, mahindi yafuatane na mikunde, na ni ushauri mzuri. Lakini mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha ghafla kwa mbaazi zinazoingia nchini kwake, bei ya mbaazi huku kwetu ilianguka kiasi kwamba wakulima wa ukanda huu waliacha zao likikaukia shambani. Ngwara yetu nayo kwa sehemu kubwa inanunuliwa na wafanyabiashara wanaovusha Holili kwenda Kenya. Amri moja ya kufunga mpaka, au kibali kinachochelewa wiki tatu, inageuza zao la kuhuisha udongo kuwa hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Tunaomba sera ya kusafirisha mikunde itangazwe kabla ya kupanda na isiguswe hadi mavuno yaishe.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kuturudisha kwenye jembe la mkono na njaa. Hofu hiyo ina msingi. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani mwaka 2021 bila maandalizi, mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, na kabla mwaka huo haujaisha Serikali yake ikalegeza amri hiyo. Mimi ninatumia mbolea ya dukani na nitaendelea kuitumia. Funzo la Sri Lanka kwangu ni lilelile la daftari langu: kuvuka kuna gharama, na asiyeipangia fedha huilipa kwa njaa.

Na gharama hiyo haipaswi kuwa ya mkulima peke yake, kwa kuwa faida zake hazibaki shambani. Udongo unaosombwa Uchira na Makuyuni huingia mito inayoshuka Ruvu, na Ruvu pamoja na Kikuletwa ndiyo inayolijaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Chini ya bwawa hilo maji yaleyale huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8 palepale, 21 Hale na 68 New Pangani Falls. Kila toni ya tope inayobaki shambani kwangu ni tope ambalo halitaziba makalvati ya Halmashauri wala kujaza bwawa la Taifa. Sijawahi kulipwa kwa hilo, wala siombi kulipwa milele. Naomba misimu mitatu.

Mwaka huu wanakikundi tisa wako tayari kutenga ekari moja kila mmoja, nami nitaongeza ya pili. Tumekubaliana kwamba uamuzi wa mwisho utafanywa kwenye mkutano wetu wa Agosti, kwa sababu pikapu za mabua huanza kupanga foleni Uchira mwisho wa mwezi huo, na bua likishauzwa, shamba hilo limetoka kwenye hesabu mpaka mwaka unaofuata. Tunaomba majibu kuhusu ripa, mkopo na mkataba wa kukodi yafike ofisi ya kata kabla ya tarehe 15 Agosti, hata kama jibu ni kwamba jambo fulani haliwezekani, ili kila mmoja ajue anaamua akiwa na nini mkononi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mweka hazina wa kikundi,
Kilema, Wilaya ya Moshi